Nakala Moja, Wasomaji Wanane

Kitabu chetu cha kwanza kilikuwa na kurasa 460. Nilikipendekeza mimi, tena kwa mbwembwe, kwa kuwa nilikuwa ndiyo kwanza nimekimaliza na bado kilikuwa kinanichemka kichwani. Tulikuwa watu 8, nakala 1. Mwezi ulipokwisha, mimi nilikuwa nakirudia mara ya pili, mama mchungaji alikuwa amefika ukurasa wa 70, na wengine sita walikuwa wakikiulizia kama abiria wanavyoulizia basi lililokwama Mombo. Siku ya kukutana tulikula makande, tukanywa chai ya tangawizi, tukaimba, tukaagana. Kitabu hakikutajwa. Nadhani walininyamazia kwa heshima.

Tangu hapo nimekaa katika vikundi vitatu vya usomaji huku milimani Usambara, na viwili bado vinapumua. Watu wa sharika na parokia nyingine huniuliza: mwezi huu tusome nini? Swali hilo linakuja mapema mno. Kabla ya kuuliza kitabu gani ni kizuri, ulizeni kitabu gani kinaweza kumfikia kila mtu mkononi kabla mwezi haujaisha.

Pigeni hesabu. Siku 30 kwa watu 8 ni siku tatu na ushee kwa kila mmoja. Toa siku ya kukisafirisha, maana aliyeko Mlalo hapokei kitabu kwa kurushiwa dirishani. Kinapanda haisi, au kinampata mtu anayekwenda msibani. Toa Jumapili. Au siku ya gulio, ile itakayomwangukia. Mnabaki na jioni mbili, na jioni ya Lushoto mwezi wa saba ni baridi inayomwingiza mtu kitandani saa mbili. Aliyeamka alfajiri kwenda kuchimba viazi atasoma kurasa 25 kwa jioni, akijitahidi sana 30. Kwa hiyo kitabu cha kuzungusha kwa watu wanane wenye nakala moja kina kurasa 60. Mkipata nakala mbili, mnaweza kuthubutu 120. Zaidi ya hapo mnadanganyana.

Hesabu hii ndiyo iliyotufanya tuwe na aina mbili za kitabu kila mwezi. Cha kwanza tunakiita cha mzunguko: kifupi, kinapita kwa wote. Cha pili kila mtu anajichagulia mwenyewe, kinene au chembamba, kipya au cha babu yake, naye hupewa dakika tano za kutueleza alivyokutana nacho. Hiki cha pili ndicho moyo wa kikundi, wala si cha kwanza kama nilivyodhani mwanzoni. Watu wanane wakisoma vitabu vinane, jioni moja inakuonjesha vinane, na mwezi unaofuata utawaona wanakimbilia kuazima kile kilichosimuliwa vizuri. Hakuna aliyelazimishwa.

Kwa kitabu cha mzunguko, anzeni na kile ambacho kila nyumba inacho tayari. Ruthu ina sura 4. Yona vilevile. Barua kwa Filemoni ni aya 25, ukurasa mmoja na kidogo, na imetuchukulia jioni nzima kubishana kama Paulo alimwomba Filemoni au alimbana. Tatizo la nakala linakwisha papo hapo. Kisha fanyeni somo liwe tamu zaidi: mmoja alete Union Version ya 1952, mwingine Habari Njema, na yule aliyerithi sanduku la bibi alete Biblia ya Roehl ya 1937. Karl Roehl alikuwa mmisionari wa misheni ya Kijerumani ya Betheli, na kabla ya kutafsiri Biblia ya Kiswahili alikaa hapahapa Usambara, akajifunza Kishambaa hadi akaandika kitabu cha sarufi yake. Alijaribu kupunguza maneno yenye asili ya Kiarabu katika Kiswahili chake, jambo lililowafurahisha watu wa bara na kuwakera wa pwani. Someni aya moja katika Biblia tatu, mtajikuta mnazungumzia lugha, mkoloni, Uislamu na imani kwa pamoja. Mzee mmoja wa kanisa, aliyekuwa akija kwa ajili ya chai tu, aliamka siku hiyo. Alisema, “Kumbe hii niliyoikariri shuleni si maneno ya Mungu, ni maneno ya mtu aliyekuwa akiyatafuta maneno ya Mungu.” Mama mchungaji akamtazama juu ya miwani. “Mzee, hilo utalieleza wewe mwenyewe kwa mchungaji.”

Baada ya hapo tokeni nje ya Biblia, lakini msiende mbali haraka. Sisi wa Usambara tuna rafu yetu wenyewe na wengi hatuijui. Chini ya milima, Magila karibu na Muheza, wamisionari wa UMCA, misheni ya Waanglikana wa Uingereza, walikuwa na mtambo wa kuchapa, na katika miaka ya 1890 walitoa gazeti la Kiswahili lililoitwa Habari za Mwezi. Kusoma kwa mwezi, basi, si jambo tulilolileta sisi na simu zetu. Mtambo huohuo wa Magila ndio uliochapa, kuanzia 1895, Habari za Wakilindi cha Abdallah bin Hemedi bin Ali Ajjemy, aliyeutumikia ukoo wa Kilindi uliotawala Usambara na kuandika habari zake tangu Mbega, mwanzilishi wake. Mwislamu aliandika, Wakristo wakachapa. Toleo lililoandaliwa na J. W. T. Allen lilitoka 1962, na hilo ndilo mtakalolipata kwa shida kidogo badala ya shida kubwa.

Kitabu chote ni kirefu, msikizungushe. Chukueni habari za Mbega peke yake: kijana aliyeota meno ya juu kwanza, akahesabiwa kigego, mtoto wa mkosi, akakosana na nduguze kwao Nguu, akaishi porini na mbwa wake akiwinda nguruwe, hata akafika huku kwetu, akagawa nyama, akaamua kesi za watu, akawa mtawala. Sasa msomeni pamoja na Daudi katika vitabu vya Samweli, kuanzia pale anapomkimbia Sauli hadi anapotawazwa. Mfukuzwa mwenye kipaji, anayeishi maporini, anayejipatia watu kwa kuwatendea wema: ni nani kati yao aliyeutafuta ufalme, na ni nani aliyeletewa? Tulikaa hadi saa nne usiku. Kijana mmoja wa kwaya, Msambaa wa kuzaliwa Soni, alikiri kwamba alimfahamu Daudi tangu Sunday School ila Mbega alikuwa akimsikia kwa jina tu. Kutoka Soni hadi Vuga, makao ya wafalme hao, unaweza kwenda asubuhi ukarudi kula chakula cha mchana nyumbani. Mmisionari Krapf alifika Vuga mwaka 1848 kumwona mfalme Kimweri, akitokea Mombasa, kwa miguu.

Kitabu kingine cha rafu hiyo ni Mwaka katika Minyororo cha Samweli Sehoza, kilichotoka London mwaka 1921. Kinaeleza jinsi Wajerumani walivyowakamata wachungaji na walimu Waafrika wa UMCA wakati wa Vita vya Kwanza, wakiwashuku kuwa upande wa Waingereza. Wakristo walifungwa na Wakristo. Ni kifupi, kinatosha jioni mbili zile nilizozitaja, lakini hakipo dukani. Sisi tulikisoma kwa fotokopi iliyofifia, na kurasa mbili zilikuwa hazisomeki kabisa. Kwa sisi Walutheri, ambao sharika zetu za Mlalo, Mtae, Vuga na Bumbuli zilianzishwa na Wajerumani, kinawasha. Ndiyo sababu ya kukisoma. Na kiwekeni jirani na Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela, cha 1934, kinachosimulia watumwa walioachiwa huru na kukaa Freretown, Mombasa. Mbotela anawashukuru Waingereza mpaka baadhi yetu tukachoka, na ubishi ukazaliwa: mtoto wa aliyekombolewa ana haki ya kushukuru kiasi gani? Dada mmoja, muuguzi, alisema hatuwezi kumpimia mtu shukrani kama dawa. Hatukumaliza.

Sasa niseme kuhusu zile dakika tano, kwa sababu hapo ndipo vikundi vingi vya Kikristo vinapofia. Tumelelewa katika mahubiri. Mpe Mkristo wa Usambara kitabu chochote, hata cha ufugaji wa kuku, akisimama kukieleza atasema, “Kitabu hiki kinatufundisha…” na kabla hujakaa vizuri umeshafika kwenye pointi ya tatu na wito wa kutubu. Msikilizaji hapati hamu ya kusoma; anaona tayari amekwisha kufundishwa, cha nini tena kukisoma? Sisi tulipiga marufuku neno kinatufundisha. Anayeteleza akalitamka analeta sukari kilo moja mkutano ujao. Mwezi wa kwanza tulipata sukari ya kutosha harusi.

Badala yake msomaji anaombwa mambo matatu tu. Asome ukurasa mmoja kwa sauti, ule aliourudia. Aseme ni wapi alikiacha kitabu, maana kila kitabu kina mahali ambapo mtu anakifunika na kwenda kuangalia jiko. Na aseme ni wapi hakukubaliana na mwandishi. Hili la mwisho ni gumu kwa waumini kuliko mnavyofikiri. Mtu anaona kwamba kumpinga mwandishi aliyeweka aya za Biblia chini ya kila ukurasa ni kumpinga Roho. Aanze mwenyekiti. Akisema, “Mimi sura ya tano ilinichosha,” wengine watapata pumzi.

Na kusema kweli kuna vitabu vinavyohitaji kupingwa. Nazungumzia vile vya mafanikio, vilivyotafsiriwa kwa haraka, vyenye jalada linalong'aa na picha ya mtu mwenye suti, vinavyouzwa pembeni ya mikutano ya injili. Msivikataze, ukikataza kitabu umekitangaza. Kileteni mezani, kila mtu na penseli, na mkiulize swali moja: kinamwambia nini mama wa Lukozi, au wa Malindi ya huku kwetu, ambaye kabichi zake zimeozea shambani kwa sababu lori halikupita wiki nzima? Kikimwambia kwamba imani yake ilikuwa haba, mmeshapata mazungumzo. Sisi tulifanya hivyo, na aliyekileta kitabu, kijana mcha Mungu kuliko mimi, ndiye aliyekiwekea alama nyingi za penseli.

Je, riwaya? Litakuja tu swali hili, na litakuja kwa sauti ya juu. Nilipoleta Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, ya 1971, mama mmoja aliuliza kama nimesahau kwamba kiliwahi kuzuiwa mashuleni. Sikusahau. Kezilahabi alisoma seminari, na anaandika kuhusu binti wa Ukerewe anayelelewa kwa kipigo na baba mlevi, Zakaria, na jinsi ukali huo ulivyomwacha bila ngao alipotoka nyumbani. Kuna mambo ya aibu humo. Yamo pia katika Waamuzi. Nilichofanya, na ndicho ninachowashauri, ni kutokukifanya cha mzunguko. Nilikisema kama kitabu changu cha mwezi, nikasoma ukurasa wa kipigo, nikanyamaza. Kimeazimwa mara tano. Yule mama alikuwa wa pili.

Kwa njia hiyohiyo mtaweza kuingiza Shujaa Okonkwo, Things Fall Apart ya Achebe kwa Kiswahili cha Clement Ndulute, ambamo mmisionari anafika kitabu kikiwa kimevuka nusu na nyumba inapasuka. Au Peponi ya Abdulrazak Gurnah kwa tafsiri ya Ida Hadjivayanis, ambayo kijana wake anaitwa Yusuf, kama Yusufu wa Biblia, kwa sababu maalumu. Jirani yangu Mwislamu alinikumbusha kwamba Yusuf huyo ni wake pia. Nilimkaribisha aje azungumze. Alikuja na kitumbua.

Msiwasahau wasiosoma kwa macho. Wazee wengi hawakosi hamu, wanakosa miwani. Na wengine hawakupata shule. Hapo ndipo tenzi zinapookoa. Mathias Mnyampala, Mgogo, aliandika Utenzi wa Enjili Takatifu na Utenzi wa Zaburi. Mwalimu Nyerere katika uzee wake alizitia Injili na Matendo ya Mitume katika tenzi, zikachapwa na Wabenediktini mwaka 1996. Wote wawili Wakatoliki, na Walutheri wetu hawakulalamika, kwa kuwa utenzi ukishapata mtu wa kuughani vizuri hakuna anayeuliza dhehebu. Ughanini beti 30 kwa jioni, si zaidi. Na kama mko karibu na Irente, kumbukeni kwamba pale ipo shule ya wasioona, na kwamba kitabu cha nukta nundu ni kikubwa mara nyingi kuliko cha wino: Biblia nzima ni majuzuu yanayojaza rafu. Msomaji wa nukta nundu mpeni jina la kitabu cha mzunguko miezi miwili kabla, apate muda wa kukitafuta au kumpata mtu wa kumsomea na kurekodi kwenye simu. Sisi tulimjulisha mmoja wiki moja kabla. Akaja, akakaa, akasikiliza wengine wakizungumza kitabu ambacho hakikuwepo kwa ajili yake. Nina aibu nalo hadi leo.

Vitabu vyenyewe vitatoka wapi? Krismasi. Wasambaa wa Dar es Salaam wanapopanda mlima mwezi wa Desemba wanaleta mchele, vitenge na maneno mengi. Mwambieni kila mmoja mapema, Oktoba hivi, alete na kitabu. Mpe jina kamili la kitabu na la mwandishi, kwa ujumbe wa simu, maana ukimwambia “kitabu chochote kizuri cha dini” atakuletea kile chenye mtu mwenye suti. Maduka ya Soma Biblia yanaweza kumhudumia, na kifurushi kinaweza kupanda basi la Lushoto bila msafiri. Kuhusu mafaili yanayorushwa kwenye makundi ya WhatsApp: kitabu cha 1921 kisichochapwa tena ni jambo moja, na kitabu cha mwandishi aliye hai, anayeuza nakala zake mkononi apate ada ya mtoto, ni jambo jingine. Amri ya nane, au ya saba kwa Walutheri na Wakatoliki, hesabu ni yenu, haina kifungu cha PDF.

Vikishafika, vitunzeni, maana huku adui wa kitabu ni hewa. Ukungu wa Magamba unaingia ndani ya nyumba kama mgeni asiyebisha hodi, na kitabu kilichoegemezwa ukutani mwezi wa nne kinatoa kuvu mwezi wa tano. Watu hukimbilia kukiweka darini juu ya jiko. Kuvu haioti, lakini kinarudi kinanuka moshi na kimekauka mgongo. Ndoo yenye mfuniko, na ndani yake kijifuko cha kitambaa chenye vipande vya mkaa mkavu, imetufaa. Cha kusafiri tulikuwa tukikifunga kwenye mfuko wa plastiki. Mifuko hiyo ilipopigwa marufuku mwaka 2019 tukahamia kwenye kiroba cha unga kilichofuliwa na kushonwa kwa saizi ya kitabu, na kwa kweli kiroba ni bora, kwa kuwa hakimpi mtu kishawishi cha kukitumia kwa nyanya. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Kitabu cha kuazima kinasitiri vizuri sana, na ndiyo shida yake: aliyekiazima anakisahau rafuni kwake hata akaanza kuamini ni chake. Dawa ni kauntabuku. Mistari minne: kitabu, aliyechukua, tarehe, na hali yake kilipotoka. Hiyo ya hali ndiyo inayozuia ugomvi, maana bila hiyo kila doa lilikuwepo “tangu mwanzo”.

Na mfuate majira ya hapa, si kalenda ya ukutani. Mwezi wa mvua za masika, barabara za juu zikiwa tope, kitabu cha mzunguko kiwe cha Biblia, kila mtu asome alipo. Kwaresima ni wakati wa Sehoza. Mwezi wa saba, baridi ikiwabana watu ndani, ndipo mtu anaweza kujichagulia kinene. Kile changu cha kurasa 460 kilipata wasomaji wawili mwezi huo, bila mimi kusema neno.

Ukurasa wa mwezi huu katika kauntabuku yetu unasomeka hivi. Cha mzunguko: Yona, na kila mmoja aje na Biblia aliyo nayo. Muuguzi: Uhuru wa Watumwa, anarudia, anasema hakumtendea Mbotela haki. Mzee wa kanisa: Utenzi wa Zaburi, ataughani mwenyewe, tumwandalie maji ya moto. Kijana wa kwaya: Mbega, mpaka mwisho safari hii. Mama mchungaji ameandika Rosa Mistika kwa penseli, herufi ndogo, na kando yake: “Kilitoka kizima, ukurasa wa 41 umekunjwa pembe, si mimi.”